Masafa na Maarifa: Historia ya Mafunzo ya Uuguzi wa Afya ya Akili Tanzania kwa Kuitazama Wilaya ya Kilosa, 1927–2024

IKISIRI

Insha hii inachunguza historia ya mafunzo ya wauguzi wa afya ya akili nchini Tanzania kwa kuitazama kutoka Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro. Swali lake kuu ni hili: katika kila kipindi, ni nani aliyelazimika kusafiri ili mgonjwa na maarifa ya kumtunza wakutane? Insha inabainisha vipindi vitatu. Katika kipindi cha kwanza, kilichojengeka juu ya hospitali ya Dodoma ya mwaka 1927, mgonjwa ndiye aliyesafiri. Katika kipindi cha pili, kilichofuata uhuru, muuguzi ndiye aliyesafiri kwenda shuleni. Katika kipindi cha tatu, ambacho bado kinaendelea, somo lenyewe linasafiri, kwanza kwa karatasi na sasa kwa mtandao. Kati ya kipindi cha pili na cha tatu kuna mpango wa taifa wa afya ya akili wa miaka ya 1980, uliojaribiwa Morogoro na Kilimanjaro. Insha inadai kwamba somo husafiri kwa wepesi kuliko usimamizi wa vitendo, na kwamba mafunzo ya juu ya mtandaoni yatakutana na tatizo lile lile lililoukuta mpango huo endapo usimamizi hautafuatana na somo.

1.0 Utangulizi

Mji wa Kilosa umekaa kando ya Mto Mkondoa, mahali ambapo nchi tambarare ya mashariki inakutana na milima ya Usagara. Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam, ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa na Dodoma, na kufika Kigoma mwaka 1914. Mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa yalivuta vibarua kutoka pande nyingi, na wengi wao hawakurudi walikotoka. Kwa hiyo wilaya hii ina Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, ina wafugaji wa Kimaasai, na ina vizazi vya wahamiaji ambao lugha yao ya nyumbani sasa ni Kiswahili.

Kilosa si wilaya iliyosahauliwa na elimu ya afya. Ina hospitali ya wilaya, ina chuo kinachofundisha maofisa tabibu, na upande wa Mikumi, kando ya barabara kuu ya Iringa, ipo Hospitali ya Mtakatifu Kizito. Hata hivyo, kwa kipindi chote kinachochunguzwa hapa, shule za ubingwa wa uuguzi wa afya ya akili zimekuwa mahali pengine. Muuguzi wa Kilosa aliyetaka kuwa mtaalamu wa fani hiyo alipaswa kuondoka, na pengo aliloliacha halikuwa na wa kulijaza.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika matukio ya wilaya yenyewe. Mwezi Desemba 2000, mapigano kati ya wakulima na wafugaji katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni yaliua watu 38. Miaka tisa baadaye, kati ya Desemba 2009 na Januari 2010, Mto Mkondoa ulivunja kingo zake. Maelfu ya watu walipoteza makazi na kuishi kambini, na reli ikakatika. Baada ya matukio kama hayo, watu hufika zahanati wakiwa na malalamiko ya kukosa usingizi, moyo kwenda mbio na maumivu yasiyoonekana kwenye vipimo. Anayewapokea kwa kawaida ni muuguzi. Kama hakufundishwa, atawapa dawa ya maumivu na kuwarudisha nyumbani.

Insha inafuata mpangilio wa wakati. Inaanza na hospitali ya kikoloni, inapita katika shule za uuguzi za baada ya uhuru na mpango wa Morogoro wa miaka ya 1980, kisha inaingia katika elimu ya masafa na mafunzo ya mtandaoni.

2.0 Mgonjwa Anasafiri: Kutoka Lutindi hadi Dodoma

Kabla ya utawala wa Waingereza, mahali palipojulikana kwa kuwatunza wagonjwa wa akili katika Tanganyika palikuwa Lutindi, katika milima ya Usambara. Kituo hicho cha wamisionari wa Kijerumani kilianza kama makazi ya watoto waliokombolewa utumwani, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 kikageuzwa kuwa mahali pa wagonjwa wa akili. Huduma yake ilichanganya ibada, kazi za shamba na ulinzi. Haikuwa shule, na wahudumu wake walijifunza kwa kutazama waliowatangulia.

Waingereza walijenga hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma mwaka 1927, ile ambayo leo ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe. Mpangilio huo ulifanana na wa makoloni jirani: Kenya ilikuwa na Mathari, Nairobi, Zanzibar ilikuwa na hospitali yake, na Uganda ilipata Butabika, nje ya Kampala, mwaka 1955. Kila nchi iliwekewa jengo moja kubwa, na nchi nzima ikatakiwa kulifuata jengo hilo.

Kwa Kilosa, mpango huo ulikuwa na sura ya reli. Dodoma ilikuwa kituo cha mbele kwenye njia ile ile, na hivyo mgonjwa aliyeshindikana kijijini aliweza kupelekwa bara kwa treni. Wepesi huo wa usafiri ulikuwa na gharama yake. Aliyepelekwa Dodoma alitengwa na jamaa zake, na jamaa hawakuwa na njia ya kujifunza namna ya kuishi naye akirudi. Sheria ya wakati huo ilimtazama zaidi kama hatari ya kudhibitiwa, na kazi ya wahudumu katika hospitali za aina hiyo ilikuwa kulinda, kulisha na kusafisha kuliko kutibu. Hapakuwa na haja kubwa ya elimu ya juu ya uuguzi pale ambapo kazi yenyewe ilieleweka kuwa ya ulinzi.

Ikumbukwe pia kwamba wagonjwa wengi hawakusafiri kamwe. Walibaki mikononi mwa waganga wa jadi, viongozi wa dini na ndugu zao. Maneno kama kichaa, mapepo na kurogwa hayakuwa matusi tu. Yalikuwa maelezo ya chanzo cha ugonjwa, na kila maelezo yalikuwa na mtu wa kumwendea. Zahanati haikuwamo katika orodha hiyo, kwa sababu haikuwa na cha kutoa.

3.0 Muuguzi Anasafiri: Dawa Mpya na Shule Mpya

Mambo mawili yalibadilisha kazi ya muuguzi. La kwanza lilikuwa dawa. Klopromazini ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952, na katika muongo uliofuata zikapatikana sindano za flufenazini zinazodumu mwilini kwa wiki kadhaa. Mgonjwa aliyehitaji kulindwa mchana na usiku sasa aliweza kuishi nyumbani na kuchomwa sindano mara moja kwa mwezi. Lakini sindano ya mwezi inamhitaji mtu wa kuichoma, anayejua madhara yake, anayetambua shingo iliyokakamaa na mikono inayotetemeka, na anayekumbuka nani hakuja mwezi huu. Mtu huyo ni muuguzi. Dawa ilimtoa katika ulinzi na kumwingiza katika tiba.

Jambo la pili lilikuwa fikra mpya ya uuguzi wenyewe. Nchini Marekani, Hildegard Peplau alichapisha mwaka 1952 kitabu kilichoueleza uuguzi kama uhusiano kati ya muuguzi na mgonjwa, wenye hatua na malengo, na mwaka 1954 akaanzisha katika Chuo Kikuu cha Rutgers programu ya uzamili ya wauguzi bingwa wa magonjwa ya akili. Kuanzia hapo, ubingwa katika fani hii ulianza kuhesabiwa kama elimu ya chuo kikuu, wala si uzoefu wa wodini peke yake.

Tanganyika huru ilirithi hospitali ya Dodoma bila kurithi wataalamu wa kutosha. Shule ya Tiba ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1963, na Muhimbili ikawa kitovu cha pili cha huduma za akili. Majaribio ya kuwatoa wagonjwa hospitalini yalifanyika pia katika vijiji vya kilimo vya kuwarekebisha wagonjwa, kama kile cha Vikuruti, nje ya Dar es Salaam, ambako wagonjwa waliishi kwa kazi za shamba wakijiandaa kurudi kwao. Wauguzi wa afya ya akili walifundishwa Mirembe, mahali palipokuwa na wagonjwa wengi wa kujifunzia, na baadaye elimu ya shahada na uzamili ikawekwa katika vyuo vikuu, hasa Muhimbili.

Shule hizo zilikuwa hatua kubwa. Lakini zikitazamwa kutoka Kilosa, zinaonyesha upande wake wa pili. Muuguzi wa hospitali ya wilaya alipopata ruhusa ya masomo, kliniki yake ilikosa mwenyewe kwa muda wote wa masomo. Alifundishwa katika wodi kubwa ya hospitali ya taifa, yenye madaktari bingwa na wagonjwa waliokwisha kulazwa, ilhali kazi iliyomngoja ilikuwa ya chumba kimoja, kabati la dawa na mgonjwa aliyeletwa na ndugu zake akiwa amefungwa kamba. Tena elimu ya juu yenyewe ilimfungulia milango ya kutorudi: ukufunzi, utawala, au hospitali ya rufaa. Kwa mtu binafsi hayo ni maendeleo halali. Kwa wilaya, ni namna ya kumpoteza mtaalamu kwa kumsomesha.

4.0 Mpango wa Morogoro: Jaribio la Kulisogeza Somo

Azimio la Arusha la mwaka 1967 na sera za vijijini zilizofuata zilihamishia uzito wa huduma za afya katika zahanati na vituo vya afya. Mwaka 1978, mkutano wa kimataifa wa Alma-Ata ulitangaza huduma ya afya ya msingi kuwa njia ya kufikia afya kwa wote. Katika mazingira hayo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa afya ya akili kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani na kwa ufadhili wa DANIDA, shirika la misaada la Denmark. Mikoa miwili ilichaguliwa kuwa ya majaribio: Kilimanjaro na Morogoro. Kilosa, ikiwa mojawapo ya wilaya za Morogoro, iliingia katika historia ya afya ya akili si kama mahali pa kutoa wagonjwa, bali kama sehemu ya eneo la kujaribia huduma mpya.

Morogoro haikuwa ngeni kabisa kwa jambo hilo. Huko Mahenge, kusini mwa mkoa, Louise Jilek-Aall, daktari mwenye asili ya Norway, alikuwa ameanzisha kliniki ya kifafa mnamo mwaka 1960. Wagonjwa waliokuwa wakitengwa kwa kuogopwa walipewa fenobabitali, dawa ya bei nafuu, na wengi waliacha kuanguka. Kliniki ya Mahenge ilithibitisha kwamba ugonjwa uliohesabiwa kuwa wa laana ungeweza kutunzwa kijijini, mradi dawa ifike kila mwezi na awepo mtu wa kuigawa.

Mpango wa miaka ya 1980 ulitaka kuligeuza funzo hilo kuwa mfumo. Wafanyakazi wa kawaida wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa kutambua magonjwa makuu ya akili na kifafa, wakapewa orodha fupi ya dawa, na wakaunganishwa na mratibu wa afya ya akili wa wilaya. Mratibu huyo alitarajiwa kuwa muuguzi aliyesomea fani hiyo. Kazi yake haikuwa kuona wagonjwa pekee. Alipaswa kuzunguka, kukaa na mhudumu wa zahanati, kusikiliza namna anavyomhoji mgonjwa, kusahihisha kipimo cha dawa, na kurudi tena baada ya muda. Taarifa ya mpango huo, iliyohaririwa na Schulsinger na Jablensky, ilichapishwa mwaka 1991 katika jarida la Acta Psychiatrica Scandinavica.

Katika mpango huo mzunguko wa mratibu ulikuwa ndio kiini. Semina ya zahanati ilichukua siku chache. Kilichoifanya idumu ni ziara zilizoifuata. Na ziara zinahitaji gari au pikipiki, mafuta, posho, na mratibu ambaye hakuhamishwa. Vitu hivyo ndivyo hufifia kwanza fedha za nje zinapokoma, na miaka ya 1990 ilikuwa ya mageuzi ya sekta ya afya na bajeti finyu. Majengo yalibaki, cheo cha mratibu kilibaki, na hata daftari la wagonjwa lilibaki. Kilicholegea ni ule uzi uliomfunga mhudumu wa zahanati na mtu anayejua zaidi yake.

Kwa hiyo mpango wa Morogoro uliacha mafunzo mawili yasiyofaa kutenganishwa. Kwanza, maarifa ya afya ya akili yanaweza kufikishwa hadi zahanati. Pili, maarifa hayo hupungua yakikosa msimamizi.

5.0 Somo Linasafiri: Karatasi, Kompyuta na Simu

Wazo la kumsomesha mfanyakazi wa afya bila kumwondoa kazini lilikuwapo kabla ya mtandao. Wizara ya Afya iliweka kituo cha elimu ya masafa mjini Morogoro, mji ambao ni jirani wa Kilosa, na kutoka huko moduli zilizochapishwa zilipelekwa kwa wafanyakazi waliotaka kujiendeleza. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, kiliifanya elimu ya masafa kuwa jambo la kawaida hadi ngazi ya shahada. Mwanafunzi wa karatasi alisoma usiku baada ya zamu, akafanya majaribio, akasafiri kwa ajili ya vipindi vya ana kwa ana na mitihani.

Mfano mkubwa wa kikanda ulitoka Kenya. Mwaka 2005, Amref, Wizara ya Afya ya Kenya na Baraza la Wauguzi la nchi hiyo walianza mpango wa kuwapandisha wauguzi wa ngazi ya cheti hadi stashahada kwa njia ya kompyuta. Lengo lililotangazwa lilikuwa kuwafikia wauguzi wapatao 22,000, idadi ambayo madarasa ya kawaida yangeihitaji miaka mingi. Wauguzi walisoma kwenye kompyuta zilizowekwa katika vituo vya mafunzo na hospitali huku wakibaki kazini, na sehemu ya vitendo ikafanyika hospitalini. Mpango huo ulionyesha kwamba muuguzi wa wilayani, hata yule ambaye hakuwahi kugusa kompyuta, anaweza kujifunza kwayo.

Tanzania ilipata miundombinu ya hatua iliyofuata kati ya mwaka 2009 na 2010, nyaya za baharini za mawasiliano zilipofika Dar es Salaam na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza kuunganisha mikoa. Ni sadfa yenye maana kwamba katika miezi ile ile ambayo mafuriko yaliikata reli ya Kilosa, njia nyingine isiyohitaji daraja ilikuwa inafunguliwa. Simujanja zilizoenea baadaye zilimpa muuguzi darasa la mfukoni, ingawa kwa gharama ya vifurushi vya data anavyovinunua mwenyewe.

Maudhui nayo yalipatikana. Shirika la Afya Duniani lilizindua mwaka 2008 mpango wake wa kuziba pengo la huduma za afya ya akili, na mwaka 2010 likatoa mwongozo wa tiba kwa wafanyakazi wasio mabingwa, uliofanyiwa marekebisho mwaka 2016 na baadaye kuwekwa katika programu ya simu. Vyuo vikuu vilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19 kuanzia Machi 2020, suala la kufundisha kwa mtandao liliacha kuwa la hiari katika nchi nyingi.

Mazingira ya kisheria pia yalibadilika. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ilichukua nafasi ya sheria iliyorithiwa kutoka ukoloni, na Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 ililipa Baraza la Uuguzi na Ukunga mamlaka ya kusajili, kutoa leseni na kusimamia viwango. Maana yake kwa mada hii ni bayana: kozi fupi ya mtandaoni yenye cheti cha kushiriki ni kitu kimoja, na sifa ya kitaaluma inayomruhusu muuguzi kutambuliwa kuwa bingwa ni kitu kingine. Kuvichanganya viwili hivyo ni kumdanganya muuguzi na mgonjwa wake.

6.0 Kisichosafiri: Usimamizi na Lugha

6.1 Usimamizi wa vitendo

Mafunzo ya juu ya mtandaoni ya wauguzi bingwa wa afya ya akili yameenea zaidi Marekani. Muundo wake unastahili kuangaliwa kwa makini kabla ya kuigwa. Mwanafunzi husoma nadharia, famasia na tathmini ya mgonjwa kwenye mtandao, lakini hapewi sifa kwa hayo peke yake. Vyombo vya kuthibitisha mabingwa vimedai kwa muda mrefu saa zisizopungua 500 za mazoezi ya kitabibu yanayosimamiwa ana kwa ana na mtaalamu aliyekwisha kufuzu. Mwanafunzi hutafuta au hutafutiwa msimamizi huyo katika kliniki iliyo karibu na kwake.

Hapo ndipo mfano huo unapofika Kilosa na kusimama. Mafunzo hayo huitwa ya mtandaoni, lakini nusu yake imejengwa juu ya dhana kwamba karibu na kila mwanafunzi yupo bingwa. Katika wilaya za Tanzania, mratibu wa afya ya akili anaweza kuwa ndiye mtu pekee mwenye elimu ya fani hiyo. Akijiandikisha kwa mafunzo ya juu, anatakiwa asimamiwe na mtu anayejua zaidi yake, na mtu huyo yuko Morogoro mjini, Dodoma au Dar es Salaam. Mtandao umemletea darasa. Haujamletea wodi wala mwalimu wa wodi.

Yapo mambo ya fani hii ambayo hayafunziki kwa kutazama video. Kumtuliza mtu aliyechafukwa bila kumfunga ni stadi ya mwili, sauti na umbali kati ya watu wawili. Kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua kunahitaji kujaribiwa mbele ya mtu anayeweza kusema baadaye, palepale, wapi swali lilimfunga mgonjwa mdomo. Hata kuutambua mtetemo wa dawa na kuutofautisha na mtetemo wa hofu kunahitaji macho mawili yaliyozoea kando ya macho mapya. Peplau aliueleza uuguzi wa akili kama uhusiano, na uhusiano hukosolewa na aliyeushuhudia.

6.2 Lugha ya somo na lugha ya mgonjwa

Tatizo la pili ni lugha. Mafunzo ya juu hutolewa kwa Kiingereza, na maswali ya tathmini hutungwa kwa wagonjwa wanaoeleza hisia kwa majina ya hisia. Mgonjwa wa Kilosa hueleza mara nyingi kwa mwili na kwa mawazo: kichwa kinawaka moto, moyo unaenda mbio, anawaza sana. Neno sonona limekubalika katika maandishi ya kitaalamu, lakini ni wachache wanaofika zahanati wakilitamka. Muuguzi aliyefaulu mtihani wa mtandaoni bado ana kazi ya kufasiri: kutoka Kiingereza cha moduli kwenda Kiswahili cha daftari, na kutoka Kiswahili hicho kwenda maneno ya mama wa Kikaguru au mzee wa Kimaasai.

Kufasiri huko si kubadilisha maneno tu. Anayesema amerogwa anatoa taarifa kuhusu ugomvi, deni, kifo au aibu iliyotangulia ugonjwa. Muuguzi akiipuuza kauli hiyo kama ushirikina, anapoteza nusu ya historia ya mgonjwa; akiikubali bila kuuliza zaidi, anaweza kumchelewesha kupata dawa. Stadi ya kupita katikati hujengwa na wenyeji wa kazi wanaojadili wagonjwa wao katika lugha wanayoitumia kuwahudumia. Programu ya mtandaoni iliyotungwa Dodoma au Dar es Salaam inaweza kuuweka mjadala huo katika ratiba yake. Iliyonunuliwa kutoka ng'ambo haiwezi.

6.3 Reli mpya na mzunguko wa zamani

Mwaka 2024 treni za umeme za reli ya kisasa zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na Kilosa ina kituo chake. Kwa mada ya insha hii, jambo hilo lina umuhimu wa kivitendo. Njia iliyokuwa ya kumpeleka mgonjwa Dodoma asirudi sasa inaweza kumpeleka mwanafunzi Mirembe kwa muda mfupi wa mazoezi na kumrudisha kazini, au kumleta mkufunzi Kilosa akae na wanafunzi wake katika kliniki zao wenyewe. Mafunzo ya mchanganyiko wa aina hiyo, nadharia kwa mtandao na vitendo kwa vipindi vilivyopangwa, yangeipunguza ile hasara ya kuifunga kliniki kwa muda wote wa masomo.

Lakini reli haisimamii mtu. Bajeti ya wilaya isipomhesabu msimamizi kama sehemu ya mafunzo, nafasi yake itaachwa wazi, kama ilivyotokea kwa mzunguko wa mratibu baada ya miaka ya 1980. Tofauti moja ipo: msimamizi wa leo anaweza kufanya sehemu ya kazi yake kwa simu, kwa kujadili wagonjwa wa wiki na muuguzi aliye mbali bila kuwataja majina. Njia hiyo inaziba pengo kati ya ziara na ziara. Haiwezi kuchukua nafasi ya ziara yenyewe.

7.0 Hitimisho

Historia ya mafunzo ya uuguzi wa afya ya akili, ikitazamwa kutoka Kilosa, ni historia ya masafa yaliyobebwa na watu tofauti kwa zamu. Kuanzia mwaka 1927 masafa yalibebwa na mgonjwa, aliyeondolewa kwao ili afikishwe penye huduma. Baada ya uhuru yalibebwa na muuguzi, aliyeiacha kliniki ili ayafuate maarifa. Elimu ya masafa na mtandao vimeuhamishia mzigo huo kwenye somo, na hilo ni badiliko la kweli: kwa mara ya kwanza mgonjwa na muuguzi wanaweza wote wawili kubaki wilayani wakati elimu ya juu inatolewa.

Hata hivyo, mpango wa Morogoro wa miaka ya 1980 unaonyesha kwamba kufika kwa somo si mwisho wa kazi. Somo lilifika zahanati miaka arobaini iliyopita, kabla ya simujanja na mkongo wa mawasiliano, na likafifia pale msimamizi alipoacha kuja. Mafunzo ya juu ya mtandaoni yataepuka njia hiyo ikiwa mambo matatu yatapangwa tangu mwanzo: saa za vitendo zenye msimamizi anayejulikana na anayelipwa, utambuzi wa Baraza unaozitenganisha kozi fupi na sifa ya ubingwa, na mijadala ya wagonjwa inayofanyika kwa Kiswahili. Jambo la kwanza ndilo la gharama kubwa kuliko yote, na ndilo ambalo historia ya wilaya hii inaonyesha kuwa hukatwa mapema.

Watafiti wa baadaye wanaweza kulichukua swali hili na kulipeleka kwa waratibu wa wilaya nyingine za Morogoro na Kilimanjaro, mikoa iliyowahi kujaribiwa pamoja, ili kulinganisha kilichobaki katika kila upande. Ulinganisho huo ungewasaidia wanaotunga mitaala ya mtandaoni sasa kuliko ripoti ya idadi ya waliojiandikisha, kwa sababu kipimo cha mafunzo haya ni mgonjwa wa Rudewa au Mikumi anayefika zahanati na kumkuta mtu anayejua la kufanya.